Wazee wa Kukodi Waliokuja Kumposa Anyait

Kamuriai, Malaba
Jumapili, 23 Machi 2025

Mpendwa kaka Emong,

Yoga noi! Natumaini barua hii itakukuta huko Juba ukiwa mzima, na lile jino lililokunyima raha Krismasi limeng'olewa au limenyamaza lenyewe. Sisi huku tuko. Mama anatembea, magoti yake hayajamlaza tangu Januari. Tumeshalima shamba la chini, tunangoja mvua ya kweli, maana hii inayonyesha sasa ni ya kulowesha nguo kwenye kamba tu. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Je, wewe unakula vizuri? Joto la huko limepungua?

Utashangaa kuona karatasi. Nimempa dereva Ekisa, yule wa lori la saruji, akuletee mkononi. Sikutaka kuandika kwa simu. Huyu mdogo wetu Anyait anaijua namba ya siri ya simu yangu, na mwezi huu nimegundua kwamba mambo mengi niliyodhani nayajua peke yangu, yeye huwa ameshayasoma.

Ni habari zake ninazotaka kukueleza, tangu mwanzo, kwa sababu sijui wewe umeelezwa nini.

Tangu wamalize chuo Desemba, darasa lao lote limeshikwa na homa ya kuposana. Siku ya mahafali nilikuwepo. Vijana watatu walipiga magoti kwenye nyasi wakiwa na majoho, pete mkononi, wenzao wakipiga makofi na picha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na barua ya kazi. Protus Wesonga wa Anyait alikuwa wa pili. Wa tatu alimvisha pete Sharlyne, rafiki yake Anyait, binti wa Busibwabo.

Protus sikumwamini tangu siku hiyo. Si kwamba alinikosea. Ni mpole, anapokea kikombe kwa mikono miwili. Lakini kila nilipomuuliza kwao ni wapi, alimtazama Anyait kwanza, ndipo akasema, "Budalang'i." Nani humtazama mchumba wake kabla ya kutaja kwao? Nilijiambia huyu ana mke mahali. Mama aliniambia cherehani imenizoesha kutafuta mshono uliofumuka hata kwenye nguo mpya. Nikanyamaza, lakini moyo haukunyamaza.

Januari watu wa Protus wakaja kwa utambulisho, kumposa rasmi. Wazee sita, suti safi, hakuna aliyechelewa. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Aliyeongea alijitaja kuwa baba mdogo wa Protus. Kaka, huyo mtu anajua kuongea! Alimsifu marehemu baba yetu kana kwamba walichunga pamoja. Akasema baba wa kijana ni mgonjwa, ametuma salamu na baraka. Baba mdogo Echodu, aliyekaa mahali pa baba, alicheka mpaka akashika mbavu, na kabla ya chai kwisha alikuwa ameshakubali.

Mimi nilikuwa nikiwanawisha mikono. Nilipomfikia msemaji nikamsalimu Kiluhya, "Mulembe." Akanijibu, "Salama, mama." Mtu wa Budalang'i, mzee mzima, anasalimiwa kwa lugha yake anajibu kwa Kiswahili? Nikamtazama vizuri. Koti lilikuwa la kijivu, limeshonwa vizuri, ila kifungo cha katikati kilibadilishwa, kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Nikaliweka hilo moyoni.

Februari nilishona magauni manne ya gomesi ya mama na shangazi za Sharlyne, wakanialika nao kwa utambulisho wao kule Busibwabo. Wageni walipoingia nilikuwa nyuma, nimeshika bakuli la mandazi. Msemaji wa upande wa kijana akasimama. Koti la kijivu. Uzi wa bluu. Na siku hiyo alikuwa baba mdogo wa kijana mwingine kabisa, na mzee wa Sharlyne anasifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa baba yetu.

Nilingoja aende kunawa, nikamfuata.

"Mzee," nikamwambia, "una ndugu wangapi wenye vijana wa kuoa?"

Alinitambua papo hapo. Hakukimbia. "Mama, mimi naitwa Onyuka. Kazi yangu ni kuongea. Naongeleanga wale hawana mtu wa kuwaongelea."

"Hawana mtu, ama wanaficha mtu?"

"Hiyo sasa uliza mwenye alinipigia simu." Akajifuta mikono. "Lakini usiharibie hawa watoto siku yao, tafadhali. Ukitaka kupiga kelele, pigia kwenu."

Sikulala wiki hiyo. Nilikuwa nimeshamwona huyo mke wa Protus kichwani mwangu, hata kitambaa alichofunga nilikijua. Jumanne nikawaambia nyumbani naenda Busia kununua bitana, nikaunganisha mpaka Bumala, nikachukua pikipiki kuteremka Budalang'i. Nilitaja jina la Wesonga mwenye mtoto aliyesomea ualimu. Mwenye pikipiki alimjua. Hakunipeleka kwenye boma. Alinipeleka kwenye mahema.

Ni mwinuko mdogo kando ya tuta la mto Nzoia, mahema yamepangana, mengine yamechanika yakafungwa kwa magunia. Walihamia hapo maji yalipovunja tuta mwaka jana. Mbele ya hema moja alikaa msichana na mtoto mgongoni, na yule mtoto, kaka, alikuwa na paji la uso la Protus.

"Mtoto ni wa nani?" nikauliza hata kabla ya kusalimu.

"Ni wangu," akasema. "Mimi Jentrix. Unatafuta nani, mama?"

"Natafuta kwa Protus."

"Ni ndugu yangu." Akageuka akaita, "Baba! Kuna mgeni."

Mzee Wesonga akatoka akiwa ameinama. Si mgonjwa. Ni mrefu, mkavu, mikono ya mtu wa shamba. Alikuwa na mashamba ya mpunga, sasa yako chini ya mchanga. Alimtuma Jentrix kuazima kiti hema la tatu ili nisikae chini, akasubiri kiti kifike ndipo akaniamkia. Mkewe akaja, akanisalimu kwa mikono yote miwili. Nikajitaja: Akwii, dada yake Anyait, kutoka Malaba.

Nyuso zao zilifunguka. "Karibu, karibu sana," mzee akasema. "Protus alituambia habari yenu. Tulisema tungoje kwanza tupate mahali pa kukaa, ndio tukuje kwenu kwa heshima."

Sikujua nitazame wapi. Nikamwambia, "Mzee, walishakuja. Januari."

"Nani?"

"Wazee sita. Mmoja alisema ni ndugu yako."

Mkewe aliketi chini kwenye majani. Mzee yeye alibaki amesimama. Mtoto wa Jentrix alianza kulia, mzee akangoja anyamazishwe. Halafu akauliza taratibu, "Huyo mwenye alinisemea, alisema nini?"

Nikamweleza yote, hata ule ugonjwa. Akasikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu wa mbali.

"Alisema vizuri?" akauliza.

"Alisema vizuri sana, mzee."

"Mimi singesema vizuri hivyo," akajibu. Nilipoondoka walinifungia samaki wakavu kwenye gazeti. Kaka, walikuwa kwenye hema, na bado nilitoka na kitu mkononi.

Nilirudi nikiwaka. Nilimwita Protus jioni ile ile, nikamweka mbele ya Anyait na Mama. Nikamwambia nimetoka kwa baba yake, na kwamba mtoto anayemzika baba yake akiwa hai hafai kuoa hata kwa jirani. Kijana alishika kichwa akalia. Neno moja la kujitetea hakusema. Aliyesema ni Anyait.

"Muache. Ni mimi nilimpigia Onyuka."

"Wewe?"

"Ni mimi. Protus alitaka tungoje baba yake. Nikamwambia akingoja atanikosa. Wewe dada, unakumbuka mlisema nini wakati wa Apio?"

Nilikumbuka. Hata wewe ulikuwepo, ulikuwa umekuja likizo. Kijana wa kumchumbia Apio wetu, mtoto wa shangazi, alitoka upande ule ule wa maji. Tulikaa kwenye veranda tukauliza kama mahari italetwa na mtumbwi. Baba mdogo Echodu akasema hawezi kutoa msichana aende kulelewa na viboko. Na mimi, kaka, mimi niliyemshonea Apio nguo ya siku ile, nilisema kwa sauti kwamba afadhali ninyooshe kitambaa nishone nguo za kuogelea. Tulicheka sana. Yule kijana alikuwa nyuma ya nyumba, ananawa uso, alisikia yote. Hakurudi. Apio yuko kwao mpaka leo, na hajawahi kuniletea tena nguo ya kushona. Mimi nilidhani amepata fundi mwingine.

Anyait alikuwa darasa la nane wakati huo. Alikuwa amebeba chai.

Mama ndiye aliyesema, "Kesho Akwii ataenda kwa Echodu, amwambie." Nikaenda. Baba mdogo alipandisha hasira kwanza, akapiga meza, akasema amefanywa mjinga nyumbani kwa marehemu ndugu yake. Nikamngoja amalize, nikamkumbusha viboko. Akakaa. Baada ya muda akasema utambulisho ule umefutika, aliyewekwa duniani kuwa baba aje mwenyewe.

Protus alikwenda Budalang'i akapiga magoti. Baba yake alimpa chakula lakini hakumpa neno kwa siku nne. Siku ya tano alimwambia, "Twende."

Walikuja Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mzee Wesonga, mkewe na wazee wawili tu wa kwao. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwamba ningeweza kumshonea koti. Akanirudishia asante, ana shati. Lilikuwa shati jeupe lililofuliwa mpaka kola imekuwa laini kama karatasi ya zamani. Baba mdogo alipomkaribisha aseme, alisimama, akakohoa, maneno yakamkwama. Wote tulitazama chini. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mimi ndio Wesonga. Sina boma kwa sasa, maji ilichukua. Mtoto niko naye, ni huyu. Alikosa, na mimi nimemkanya. Nimekuja kuomba msichana. Mkikataa, mkatae mimi, nisikie na maskio yangu. Msikataliwe na mtu mwingine kwa niaba yangu."

Hata hilo la mwisho lilimtoka kinyume, lakini hakuna aliyecheka. Baba mdogo alinyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha baba chenye mikono, akamkalisha Wesonga hapo. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi. Mama aliingia jikoni akalia huko. Tumekubali, kaka. Harusi ni mpaka wewe uje, hiyo tumeambiana mbele ya wote.

Basi ungefikiri moyo wangu umetulia. Kwa Wesonga umetulia. Ningempa mtoto wangu akalelewe kwenye hema lile. Kwa Protus umetulia nusu, maana mtu anayekubali kupangiwa baba, kesho atakubali kupangiwa nini? Lakini ninayemtazama sana ni huyu wetu. Alikaa mbele yangu Januari nikimpima kiuno kwa gomesi, akaniambia vile baba mdogo wa Protus anavyopenda chai ya tangawizi. Sura haikubadilika. Sijui alijifunza wapi, na ninaogopa ninajua.

Na kuna jambo moja lililobaki, ambalo hasa ndilo limenikalisha kuandika. Nilipomuuliza ni nani mwingine aliyejua, alisema, "Kaka Emong alijua. Nilimwambia kabla ya Krismasi, akaniambia fanya hivyo, watu wa nyumbani ni wagumu." Nimeligeuza neno hilo wiki nzima. Ikiwa amekusingizia, nina mdogo wa kumkanya. Ikiwa ni kweli, basi wewe pia uliona hatuwezi kuambiwa ukweli mezani kwetu, na hukuniambia. Nijibu, Emong, hata kama jibu litaniuma.

Mama anakusalimu, anasema ule mboga za majani. Baba mdogo Echodu anakusalimu. Apio nilikwenda kwake Ijumaa. Aliniacha nisimame mlangoni kidogo, kisha akanikaribisha, naye anakusalimu. Msalimie jirani yako Emuria na wenzenu wa kazini.

Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwa njia iliyo salama, ukiwa na miguu yako na moyo wako wote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuuliza,

Akwii