Bingwa wa Mapigo Machache

We, uko wapi? Pokea simu!

Nimetoka kwa daktari wa moyo sasa hivi. Si unaujua ule mchezo wetu wa klabu, kupimana mapigo kabla ya mazoezi, mwenye machache ndiye bingwa? Si ndiyo maana mnaniita Kobe? Basi nikamwambia daktari hivyo hivyo, najigamba na nyaya zimejaa kifuani.

Hakucheka. Hakucheka hata kidogo!

Akasema, "Mdogo wangu, moyo wa mkimbiaji hupiga polepole, sawa. Wako unasimama kwanza, halafu ndiyo unaendelea."

Unasimama! Nikadhani ananitania. Nikauliza, "Kwa hiyo mashindano ya Jumamosi?" Akanigeuzia mgongo, akamwambia dada yangu aliyenisindikiza, "Viatu vyake vya mbio kaa navyo wewe." Dada akavichukua huku analia.

Kile kizunguzungu nilichosema ni njaa? Haikuwa njaa.

Sasa nisikilize, utani weka kando. Kila nikishinda mchezo ule, wa pili huwa nani? Na juzi nani alishika ukuta akasema ni jua tu?

Kama uko uwanjani, simama. Usimalize huo mzunguko. Njoo hapa hospitalini, na uje ukitembea.