Shangazi, Nyumba Yako Haibomolewi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huitikii tena tangu tulipokuzika masika haya, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia, usije ukasema mji umeniharibu adabu.

Nakuandikia nikiwa ndani ya msonge wako, nimekalia kigoda chako, karatasi iko gotini. Leo asubuhi pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, imelia. Haikuwa ya kuzibua mfereji, wala ya kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu, ili mashamba yapate maji. Kaka yako, Baba Mkubwa, aliwaita watu waje na majembe na mashoka kuibomoa nyumba hii. Anasema inatia ukoo aibu, watu wanazunguka njia kuikwepa, mabinti zetu hawaposwi kwa ajili yake. Nilipopata habari juzi kwamba anapanga hivyo nilipanda mlima kutoka Same na mkeka wangu kichwani, nikaingia, nikakaa. Nitakusimulia walivyokuja. Kwanza tukumbushane ilikuwaje, maana huku juu watu wamejifanya wasahaulifu, na mimi nina hasira, Shangazi, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unamkumbuka yule Mzungu tuliyemwita Bwana Rangi, kwa vile suruali yake haikuwahi kukosa madoa? Alikuja na wenzake waliotaka kupiga sinema ya kutisha, na kazi yake yeye ilikuwa nyumba tu. Wakati huo mlima mzima ulikuwa umeshahamia nyumba za pembe nne. Mchungaji alizisifu, Baba Mkubwa akaezeka bati linalong'aa mpaka bondeni, na wewe ukabaki na msonge wa mama yako. Ukiulizwa ulisema, "Bati linapiga kelele mvua ikinyesha. Mimi nataka kulala." Basi wale wageni walipotafuta nyumba ya mchawi kwa ajili ya hadithi yao, watu wakawaonyesha ya kwako, wakicheka. Ulicheka nao. Hukuona ubaya, na mimi niliyekuwa msichana wa kusuka nywele na kuchungulia wageni, ningeuona wapi?

Bwana Rangi aliingia humu akainama, akakaa pale kwenye mafiga, akatazama juu kwa muda mrefu. Alipima kwa kamba, akachora. Mkalimani akatuambia nyumba ni nzuri sana ila ni ndogo, mashine ya picha haitoshi, kwa hiyo watajenga nyingine mfano wake kule chini, kwenye uwanda karibu na stesheni. Wakataka wanawake wa kukandika udongo. Ukajifunga khanga kiunoni ukasema, "Kama wanaiga nyumba yangu, mimi ndiye nitakayesimamia." Ukawakusanya wenzako, Mama Eliamini akiwa wa kwanza, shoga yako wa tangu unyagoni, tukateremka.

Aka! Tulichokikuta huko. Nyumba nusu! Fito zimezunguka vizuri, nguzo zimesimama, halafu upande mmoja hakuna kitu, wazi kabisa, ungepitisha ng'ombe watano. Tulikandika kutwa. Wazungu walipokwenda kula mchana, mkasimama mkaitazama ile nafasi. Kwetu wanawake wakianza kukandika hawaachi nyumba ikiwa wazi, hata mwenye nyumba akiwa ni mtu wasiyempenda. Mama Eliamini alisema, "Labda wameishiwa fito, wanaona haya kusema." Ukaagiza zikatwe. Waliporudi wakakuta nyumba imezibwa yote, imelainishwa, inapendeza, na wewe umesimama mbele yake umejaa tope hadi viwikoni. "Tumewamalizia, Bwana," ulimwambia.

Bwana Rangi alishika kichwa. Mwenzake mwenye mashine alipiga kelele za kiajabu. Kumbe ule upande ndio mlango wa mashine, pale ndipo watu wote duniani watakapochungulia! Bwana Rangi mwenyewe, alipoelewa, alikaa chini mchangani akacheka mpaka akatoa leso. Seremala akaja kuukata ukuta wenu kwa msumeno, nawe ukageuza uso usione.

Baada ya siku ile alikupenda, akawa anakueleza kila kitu kupitia kwa mkalimani, nami nikawa nakaa karibu nasikia. Sijasahau hata kimoja. Mlango wa kwako ni mfupi, yeye aliufupisha zaidi, ili yule mwanamke wa kwenye hadithi aingie kwa magoti, maana mtu aliyepiga magoti hawezi kukimbia. Ndani akainua dari juu kuliko kawaida na kuziachanisha mbao zake, ili mtazamaji aone giza katikati na ajitilie mwenyewe kitu kinachomtazama. Nguzo akazilaza kidogo sana, usingejua ni nini ila tumbo lako lingejua. Moto akauweka chini nyuma ya mtu, kivuli chake kipande ukutani na kumzidi urefu. Halafu akajenga ujia kati ya ukuta wa nje na wa ndani, unaopinda na kupinda, kitu ambacho hakimo katika msonge wowote wa Mpare aliyewahi kuzaliwa. Ukamuuliza ujia huo unakwenda wapi. Akasema hauendi popote. "Mtu akiona mwisho wa njia haogopi. Mchezaji anatembea tu, Mama. Nyumba ndiyo inayosimulia."

Ulifikiri kidogo. Ukasema, "Huyu anajua kazi yake. Ila amechukua dari langu la mahindi akalifanya la mashetani."

Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Dari lako ni la mahindi na maharage. Masizi aliyoyapaka yeye kwa brashi, ya kwako yametoka kwenye moto uliopika uji wangu, na yanazuia wadudu wasile nyasi za paa. Mlango wako ni mfupi kwa sababu ya baridi ya ukungu na kwa sababu chui wa enzi za mama yako alilazimika kuinamisha kichwa kwanza, na anayeinamisha kichwa hupigwa. Kizizi cha mbuzi kiko mkono wa kushoto, na joto lao lilinilaza mimi yatima baada ya baba na mama kufa. Bwana Rangi alikijaza mifupa. Alikuwa mtu mwema, Shangazi, nami bado nasema hivyo, lakini wema wake hakukaa nao hapa kuona ulichofanya ujia wake ule.

Wakaondoka. Nikaolewa, nikahamia Same kwa mume wangu wa reli. Halafu siku moja gari la sinema likaja, likafunga shuka jeupe kwenye nguzo za goli, ikatangazwa kwamba ile picha yetu imefika. Mliteremka karibu mlima mzima, mmevaa nguo za Jumapili. Ukakaa mbele kwenye nyasi kati yangu na Mama Eliamini. Giza lilipoingia na nyumba ikatokea kwenye shuka, Mama Eliamini aliruka juu akapiga kigelegele. "Ukuta ule nimeukandika mimi! Mikono hii!" Watu wakacheka, nawe ukacheka, ukamvuta akae.

Halafu yule mwanamke wa Kizungu akaingia kwa magoti. Moto ukawaka nyuma yake. Akaanza kutembea katika ule ujia, ukuta ukipinda, akipinda nao. Nilijua hauendi popote. Nilimsikia fundi mwenyewe akisema. Na bado moyo ulinidunda. Nikamwangalia Mama Eliamini, alikuwa ameshika gauni lake kwa mikono miwili, akiutazama ukuta wake mwenyewe. Kisha akatokea bibi kizee, mchezaji fulani aliyepakwa majivu, akashuka kutoka darini. Watu wakapiga mayowe. Na wengine, niliwaona kwa macho yangu, waligeuka wakakutazama wewe.

Wewe uliniambia tu, "Mwanangu, nipe mkono nisimame, nyasi zimelowa."

Tangu hapo wakaanza. Watoto waliokuwa wanakuja kuchoma mahindi kwako wakakatazwa. Mama Eliamini akaacha njia ya mlangoni kwako, akawa anakwenda ndiva kwa kuzungukia kwenye miamba, na magoti yake yale! Nilimfuata nikamwuliza, "Mama, si wewe ndiye uliyeikandika ile? Si uliona inakatwa kwa msumeno?" Akalia. Akasema, "Najua, mwanangu. Najua yote. Lakini nimeona." Nilimchukia kwa jibu lile. Leo naona alisema kweli yake: alichokijua kwa mikono kilishindwa na alichokiona kwa macho. Lakini kuelewa ni jambo moja, kusamehe ni jingine, na mimi bado sijafika huko.

Wewe hukujitetea. Hilo lilinikera, nikuambie leo. Siku ile tuliyokwenda bomani kushtaki habari ya mpaka wa shamba, tulikaa kwenye baraza ndefu, tukipita mlango baada ya mlango, kila karani akituelekeza kwa mwenzake, mpaka kwa Bwana Shauri, Mzungu wa kuamua kesi, aliyekaa juu ya jukwaa nasi tukisimama chini na jua la dirishani linatupiga machoni tusimwone uso. Nikakuona unatazama kuta. Ukaninong'oneza, "Yule Bwana Rangi alihangaika bure na udongo. Angekuja kupigia picha yake hapa." Nilicheka nikafukuzwa na askari. Sasa nasema kwa sauti uliyoninong'oneza: nyumba iliyojengwa ili mtu aogope iko bondeni, ina bendera juu, na hakuna aliyewahi kuitishia msaragambo. Ya kwako iliyojengwa ili mtu apate joto ndiyo wanayoijia na mashoka.

Na ulipokufa! Wakakataa kuingia. Mwili wako ukawekwa uani, juu ya mkeka, ukungu unakunyeshea, wewe uliyeingia katika kila nyumba ya huku kufunga maiti zao na kupokea watoto wao. Mchungaji akasoma haraka. Nilisimama kimya siku ile kwa sababu ya msiba. Leo hakuna msiba.

Walifika umande haujakauka. Baba Mkubwa mbele, shoka begani, ukoo nyuma yake, Mama Eliamini mwisho kabisa na jembe lake. Mimi nilikuwa ndani, nimewasha moto. Akaita, "Mwanangu, toka tufanye kazi."

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Toka."

"Karibuni ndani. Uji uko tayari."

Nikamwona miguu tu kupitia mlangoni, miguu yake na miguu ya wengine, hakuna unaosogea. Akasema, "Usifanye mchezo. Na hali yako hiyo utakaaje humo? Huoni unamhatarisha mtoto?"

Maana nina mimba, Shangazi. Imeshakuwa kubwa. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa ukanitangulia.

Nikasimama, nikatoka mpaka mlangoni, nikanyoosha mgongo mbele yao wote na tumbo langu. Nikawaambia, "Kama hii ni nyumba ya mchawi, mimi nimelelewa na mchawi, nimekula chakula cha mchawi, nanyi mmekula harusi yangu. Nitoeni basi. Njooni ndani mnishike mkono mnitoe, halafu mbomoe." Baba Mkubwa alishusha shoka. Aliutazama mlango. Unajua kaka yako, mtu aliyeua nyati. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Hakuingia. Wala vijana wake hawakuingia. Wakaanza kusukumana kwa viwiko, wewe nenda, nenda wewe. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kama wewe.

Akasema, "Utachoka. Utateremka kwa mumeo, nasi tutarudi."

"Mume wangu ndiye atakayepanda Jumamosi kuleta mchele. Siteremki. Mtoto huyu nitamzalia humu."

Hapo ndipo waliponielewa, Shangazi, na wanawake kabla ya wanaume. Nikaona nyuso zao zinabadilika mmoja mmoja. Maana hakuna mwanamke wa Kipare anayeacha kwenda kumwona mzazi. Akiacha, hata mumewe hataweza kujitetea kanisani. Na mzazi haonwi uani. Anaonwa kitandani kwake, unaingia na siagi yako na ndizi zako, unakaa karibu na moto, unapakatishwa mtoto. Nikawatazama kwa zamu, nikamalizia kwa Mama Eliamini. "Wewe ndiye nitakayekuita unishike mgongo uchungu ukianza," nilimwambia. "Shangazi hayupo. Nimebaki na wewe."

Alilaza jembe lake chini. Hakuingia, sitakudanganya. Alisimama pale, wenzake wakaanza kuondoka, naye akabaki akitazama ukuta wa kulia ulipobanduka kwa mvua. Kisha akauliza, kwa sauti ya kukaripia kabisa, "Na huu ukuta utauacha hivi mpaka mtoto aje apigwe na baridi?" Nikamwonyesha udongo ulipo. Hivi ninavyokuandikia yuko nje, amejifunga khanga, anakandika, na ananipigia kelele kwamba maji hayatoshi.

Basi ngoja niende nikamchotee. Lala, Shangazi. Kwako kuna moto.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, uliyemlea.