Mama, Kamau Anataka Tuache Kuchoma Nyuzi

Mpendwa Mama,

Kamau, uliyemfundisha kazi ukamwachia kibanda cha Molo, alikuja kwangu Nakuru Jumatatu iliyopita akiwa na ombi. Anataka tuache kuchoma nyuzi. Kuna shule ya bweni ya wasichana kule juu ya Molo inayotaka mablanketi yako ya dari katika mabweni mawili kabla ya baridi ya mwezi wa saba, na kwa jinsi ulivyotufundisha kufanya kazi hatuwezi kumaliza yote kwa wakati. Kabla hujatuacha uliniambia kwamba neno la mwisho kuhusu yanavyotengenezwa litakuwa langu. Basi ilinibidi nijibu. Nakuandikia kukueleza nilichojibu. Barua hii itasomwa pia na watu ambao hawakukujua, kwa hivyo univumilie nikikusimulia mambo uliyoyafanya mwenyewe.

Ulishona nguo Nakuru maisha yako yote ya kazi, kando ya soko la mitumba. Ulipohamia Molo kulima viazi, kitu cha kwanza ulichonilalamikia kwenye simu hakikuwa shamba. Kilikuwa paa. Mabati matupu, na asubuhi pumzi yako mwenyewe ilikudondokea kutoka juu ikiwa maji. Nilikushauri ununue jiko la pili. Wewe ulikwenda kwa Mzee Cheruiyot, jirani anayefuga kondoo wa nyama, ukamuuliza hufanya nini na manyoya akishawanyoa.

"Natupa," alisema. "Chukua yote, Mama Nyambura. Hata mbwa wangu anakataa kuyalalia."

Uliyaosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, ukayaanika kwenye waya za ua, ukayachanganya na maua makavu ya pareto ili nondo wasiyale. Sufu haikutosha. Ukateremka Nakuru kutafuta sweta zilizochanika ambazo wauzaji wa mitumba huzitupa. Nilikuwa nawe siku hiyo.

"Mathe, hizi zote zimetoboka," muuzaji alikwambia. "Unaenda kumvalisha nani?"

"Nyumba."

"Nyumba nayo inaskia baridi?"

"Inaskia kuliko wewe. Wewe uko na tisheti."

Alicheka, akakuongezea gunia zima bure.

Ulizifumua sweta, ukazichambua pamoja na sufu hadi zikawa kama pamba ya godoro, ukazitandaza kati ya vipande viwili vya blanketi kuukuu la sufu na kuvishona kwa mishono mirefu. Blanketi la kwanza ulilitundika chini ya mabati ya chumba chako, likawa dari. Wikendi iliyofuata nililala kwako. Asubuhi hakuna tone lililoanguka, na kwa mara ya kwanza Molo nilikunywa chai bila koti. Mimi ni mwandishi wa habari, mtu wa kuuliza maswali kwa kazi, na siku hiyo sikuwa na swali. Nilipaswa kuwa nalo.

Swali lilikuja na kamati ya kanisa. Walisikia habari za dari yako wakataka chumba cha watoto wa Jumapili kiwekewe. Wewe ulikuwa na desturi moja tangu ukiwa fundi wa nguo: mteja hakuondoka na nguo kabla hujamwambia avute mshono kwa mikono yake. "Vuta wewe," ulikuwa ukisema. "Mimi nikivuta nitaihurumia." Uliwafanyia kamati vivyo hivyo. Ulimwambia mweka hazina achague blanketi lolote kwenye rundo, alitoe nje na aliwashie moto pembeni. Ulikuwa na uhakika. Sufu ya Mzee Cheruiyot ulikuwa umeishika juu ya mkaa ukaona ikijikunja na kuzima.

Blanketi alilochagua halikuzima. Liliwaka kwa moshi mweusi, likaanza kudondosha matone yenye moto. Tone moja lilitua kwenye kiatu chake. Aliruka, akakanyaga nyasi, akakanyaga tena.

"Mama Nyambura," alisema akihema, "hii ni blanketi ama ni mafuta ya taa?"

Walikuaga kwa adabu na hawakunywa chai iliyokuwa tayari mezani.

Kosa lilikuwa kwenye sweta. Nyingi za mitumba si sufu. Ni nyuzi za plastiki zilizofumwa zikafanana na sufu. Mtu mwingine yeyote angezishuku. Wewe ulikuwa umeshika vitambaa kwa miaka mingi kiasi kwamba hukusoma hata lebo. Ulifumba macho, ukapitisha kidole na kusema, "Sufu." Mara nyingi ulikuwa sawa. Mchana ule ulikaa kwenye kigoda ukiutazama mkono wako wa kulia kama mfanyakazi aliyekuibia.

"Umenidanganya," uliuambia.

Kisha ukainuka na kuanza kufumua. Ulifumua mablanketi yote yaliyokuwa kibandani, moja baada ya jingine, na Kamau akikusihi angalau uache yale yaliyotengenezwa mwanzo. Ulipomaliza ukaingia ndani ukapanda kiti, ukateremsha lile la juu ya kitanda chako. Nikakwambia hilo ni lako, hakuna mteja atakayelijua.

"Kwani mimi siungui?"

Tangu siku hiyo hakuna sweta iliyoingia kazini kabla hujavuta uzi mmoja na kuuwashia njiti. Wa sufu hujikunja, hunuka kama nywele zilizoungua, huzima wenyewe na kuacha jivu linalosagika kwenye vidole. Wa plastiki huyeyuka, hutiririka, na kuganda kuwa kishanga kigumu cheusi. Kila sweta, uzi wake. Na yenye rangi mbili, nyuzi mbili. Kazi ya wiki ikawa kazi ya mwezi. Kamau alikununia. Wewe ulimnunulia viberiti. Kamati ya kanisa ilirudi baada ya miezi kadhaa, mweka hazina akiwa amevaa gambuti, na nyote mlicheka kabla hata ya salamu. Alichagua, akawasha, moto ukazima. Alijaribu mara tatu. Chumba cha watoto kina dari yako hadi leo.

Kwa uhakika niandike hivi: hujawahi kumwambia mtu kwamba blanketi lako haliungui. Sufu huungua ukiishikilia motoni. Ulichoahidi ni kwamba ukiuondoa moto, inazima, na kwamba haidondoki juu ya aliyelala chini yake. Ulikataa kuongeza hata neno moja juu ya hapo, hata mimi nilipokuandikia maelezo matamu zaidi ya kubandika mlangoni.

Sasa turudi Jumatatu. Kamau aliweka mfuko mezani kwangu. Ndani kulikuwa na nyuzi zilizokwisha kusagwa kwa mashine, safi, za rangi zote. Kuna mfanyabiashara hapa Nakuru anayeziuza zikiwa zimefungwa marobota.

"Sista, hii ni sweta tupu," alisema. "Hakuna kufumua, hakuna kuchambua. Mabweni yote mawili tunamaliza mwezi wa tano."

"Sweta za nini?"

"Sweta ni sweta."

Nilichota kidogo nikaenda kuchoma kwenye sinki ya jikoni. Nyingine zilizima. Nyingine zilitiririka. Zikishasagwa pamoja hivyo, hakuna mkono wala njiti itakayozitenganisha.

"Lakini nyingi ni sufu," Kamau alisema nyuma yangu.

"Nyingi, ndiyo."

Hapo alikasirika, na sitakuficha alichosema kwa sababu hakikuwa cha kipumbavu. "Umewahi kuingia hayo mabweni? Wale wasichana wanalala na soksi mbili mbili na sweta ya shule. Wanakohoa hadi asubuhi. Wewe unalala Nakuru. Mathe angekuwepo angetafuta njia."

Nimeingia, Mama. Nimeingia pia, kwa sababu ya kazi yangu, katika bweni lililokuwa limeungua, kule mbali na Molo, na nikaandika habari yake kama nilivyotakiwa: vitanda, madirisha, saa moto ulipoanza, majina yaliyoitwa asubuhi bila kuitikiwa. Sikumwambia Kamau hayo. Nilimwambia hapana, robota hilo haliingii. Alinyanyua mfuko wake akanijibu, "Basi wewe ndiye utaenda kumwambia mwalimu mkuu."

Jumatano nilipanda Molo. Kwanza tulikaa kibandani, Kamau, wale kina mama wanne wanaoshona, na mimi, tukapiga hesabu ya sweta tunazoweza kuzichoma uzi mmoja mmoja hadi mwisho wa mwezi wa sita, hata nikija mwenyewe kila Jumamosi. Zinatosha bweni moja. Tulirudia hesabu kwa sababu Kamau hakuiamini. Bweni moja.

Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya chini.

"Kwa hivyo nichague," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Unajua unaniambia nichague nani alale kwenye baridi?"

"Najua."

"Na nikitafuta mtu mwingine, anifanyie yote mawili?"

"Unaweza. Umwombe akuachie uchague kipande kimoja, ukiwashe mwenyewe. Akikataa, usinunue."

Alikwenda dirishani. Ukungu ulikuwa haujaondoka uwanjani. Alichagua bweni la wadogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: wakubwa hawatamwelewa yeye, kwa hivyo nirudi mwezi wa saba niwaeleze mimi.

Nitarudi. Nitasimama mbele ya wasichana waliojifunga mablanketi yao mabegani, ambao wenzao wa bweni la wadogo wamelala kwenye joto, na kuwaambia kwamba wana baridi kwa uamuzi wangu, na kwa nini. Kuna watakaonielewa. Wengi watanikasirikia, na watakuwa na haki, kwa sababu mtu mwenye baridi hapati joto kwa maelezo. Sina la kuwapa zaidi ya hilo mwaka huu. Wakimaliza kunikasirikia watarudi bwenini kulala, na mwalimu akiita majina asubuhi, wote wataitika.

Lala pema, Mama. Kamau hajaanza kuongea nami, lakini leo amekuja kazini.

Binti yako wa kwanza