Vigae vya Baraza la Stesheni

Baba,

Vigae vya baraza nimeviezua. Nataka ulisikie hili kwangu, si kwa mwingine.

Masika yalinikuta chini ya turubai lile lile uliloliacha juu ya chumba. Nilikuwa nahamisha godoro kona hadi kona. Baba mdogo Zakaria akaja kutoka Gasorwe, akaizunguka nyumba yako, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mtu halali barazani," akasema. "Kaka alianzia mwisho."

Nilitaka kukutetea. Lakini nani hapa Mutaho ameiona ile stesheni ya zamani kule Tanzania, tulipokuwa wakimbizi? Treni zilikwisha kuacha kusimama pale, nawe ulikuwa unaitwa kuziba nyufa tu. Ulinichukua Jumapili, ukanionyesha kuta za mawe nene kuliko urefu wa mkono wangu, dirisha la tiketi lenye nondo, matundu ya kutolea joto chini ya paa, na yale matao matatu ya mbele. "Hakuna boriti hapo juu," ulisema. "Mawe yamesimama kwa sababu yamebanana."

Tuliporudi ukayajenga matao hayo kwa matofali, kabla ya vyumba, ukaezeka baraza kwa vigae vyekundu. Watu wakacheka: eti gare, stesheni, na Burundi nzima hakuna treni! Ukafa chumba hakijaezekwa.

Na mimi nimebanwa, Baba. Nikienda Gasorwe, kiwanja hiki tulichogawana na jirani zetu kina Mama Goreti, waliokikalia tulipokuwa ukimbizini, kitamezwa chote. Nikibaki, mimi ni "Mtanzania" tu. Salamu yangu Mama Goreti hakuwahi kuiitika. Na Tanzania nako… kwa nani?

Basi nikapanda ngazi. Mimi nikiezua juu, baba mdogo akipokea chini. Tukafunika chumba. Nililala pakavu, nikalia.

Siku ya soko mvua kubwa ikaanguka. Watu wakatupa baiskeli, wakakimbilia kwenye matao kama walivyozoea, wakakuta mbingu tupu. Wakasimama tu, maji yakiwachuruzika. Mama Goreti alikuwa kati yao, mjukuu mgongoni. Nikafungua mlango. Wengine wakaingia mbio. Yeye akabaki kizingitini.

"Iko nafasi?" akauliza bila kunitazama. "Mi si kitu. Ni huyu mutoto."

"Karibu, Mama Goreti. Kaa kitandani."

Akakaa. Akatazama juu muda mrefu.

"Ni vile vya inje?"

"Ndiyo."

"Ukitaka kurudisha ingine kule, uniite. Mi niko na vijana."

Nikampa tu kitenge amfutie mtoto.

Bado sijui kama hapa ni kwetu. Kuna asubuhi naamka natamani barabara ya Kobero, ya kurudi Tanzania. Lakini matao sitayabomoa. Kiangazi tutafinyanga vigae vingine, tuvichome, na baraza lako nitaliezeka upya. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa. Nje bado kunanyesha, na mlango nimeurudishia tu, sikuufunga.

Binti yako,
Odeta