Alama Moja ya Esta

Kibondo, Juni 2014

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Lushoto? Dada ameniambia kwenye simu kwamba umesharudi shambani. Sikufurahi, ila najua huambiliki. Mimi ni mzima. Nakula ugali wa muhogo na maharage, nimeongezeka mwili, na Kiha nimekijua kiasi cha kuwaelewa wanaonisengenya.

Uliniuliza kuhusu kazi. Kazi ningeipenda, mama, kama isingekuwa na walimu.

Mwezi uliopita shule sita za huku zilifanya mtihani wa pamoja wa darasa la saba. Wanauita ujirani mwema. Tulikusanyika shule moja kusahihisha, nami nikapangiwa hisabati. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Petro, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, ambaye ndiye aliyeutunga mtihani na kuandika mwongozo wa majibu. Swali moja liliuliza mzingo wa bustani ya mstatili, urefu mita kumi na mbili, upana mita saba. Mwongozo ukasema themanini na nne.

Nikamwambia taratibu, "Mwalimu, hapa umezidisha. Hilo ni eneo. Mzingo ni thelathini na nane."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa uji. "Mwalimu Rehema, mwongozo umeshapigwa muhuri. Hatukuja kusahihisha mwongozo, tumekuja kusahihisha watoto."

Tulikuwa walimu saba, kila mmoja na cheti chake. Wenzangu wote wakaendelea kusahihisha kwa themanini na nne. Pilau lilikuwa linanukia jikoni, nao walitaka kumaliza kabla halijapoa. Uliuza karoti miaka yote ile ili mimi nikae meza moja na watu hawa.

Na mimi nisijitoe. Niliinamisha kichwa nikafuata mwongozo. Karatasi zilikuwa na namba tu badala ya majina, lakini mwandiko wa mwanafunzi wangu Esta naujua. Alikuwa amechora mstatili, akajumlisha pande zote nne, akapata thelathini na nane. Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu. Jumla yake ikawa ishirini kati ya hamsini.

Huku madaraja yanapanda kwa kumikumi: kumi na moja hadi ishirini ni D, ishirini na moja ndiyo C. Na mwalimu mkuu wetu alikuwa ametangaza kwamba mwenye D ya hisabati atarudishwa darasa la sita, asije akaiaibisha shule kwenye mtihani wa taifa.

Matokeo yalipobandikwa, baba yake Esta alikuja na jembe begani, anacheka. Ni mkulima wa maharage, hakupata kusoma.

"Mwalimu, nasikia mtoto ana ishirini! Ishirini si haba."

Nikamweleza hayo madaraja. Kicheko kikamwisha kidogokidogo.

"Kwa hiyo amepungukiwa na moja?"

"Moja tu, baba."

"Imekwenda wapi?"

"Nimeichukua mimi," nikasema, nikamsimulia yote.

Alifikiri, akachora bustani chini kwa mpini wa jembe. "Nikiizungushia uzio natembea huku, huku, huku na huku. Thelathini na nane. Huyo wa themanini na nne anamzungushia na jirani?"

Mama, mtu huyu hajui kuandika jina lake.

Tukaingia ofisini pamoja. Mwalimu mkuu hakunyanyua hata uso. "Matokeo yameshabandikwa."

"Basi nitakaa mpaka yabanduke," akasema baba Esta, akaketi sakafuni. Alikaa siku hiyo, akarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu mwalimu mkuu akaniita, akaniambia nilisahihishe upya swali hilo, kwa shule yetu tu, tena kimyakimya.

Esta akapata ishirini na moja. Watoto wengine watatu wakapanda. Lakini walioandika themanini na nne ilibidi washuke, na mmoja wao ni mtoto wa mwalimu mkuu mwenyewe, aliyekuwa na arobaini na moja, A ya kuringia sokoni.

"Huyu mwache," akasema.

"Ameandika themanini na nne, mwalimu."

"Nimesema mwache."

Nikaandika arobaini, daraja B, nikaenda kuibandika orodha mpya mwenyewe.

Sasa nimenyang'anywa hisabati, nimepewa vipindi vya michezo. Shule zile tano nyingine hazikugusa kitu; waliojua jibu bado wamekosa, na Petro nasikia ameombwa atunge mtihani ujao. Wanaongea Kiswahili kizuri sana kwenye vikao, mama, na hakuna ninayemheshimu.

Esta na wenzake wanne wanakuja kwangu jioni na madaftari yao. Kwa hiyo mwambie kaka aache kunihangaikia uhamisho. Siondoki kabla watoto hawa hawajafanya mtihani wa Septemba.

Nisalimie dada na wanawe, kaka kwenye cherehani yake, shangazi anayesuka ukili, na baba mdogo msikitini. Usibebe maji mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Rehema, mwalimu wa michezo