Régis Haudebert, Uliyetaka Kufungua Mikanda Mwenyewe

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya mwezi Mei ulipotuacha. Kiti chako bado kiko jikoni, kati ya jiko na dirisha. Mama hataki kisogezwe, na anayekikalia bila kujua huambiwa kwa upole ahamie kwenye benchi.

Wengi hapa Sarthe, Ufaransa, walikujua kama Régis wa magari, mtoto wa mwoka mikate aliyejifunza kukata kona kwa kupeleka mikate mashambani kabla hajapata leseni. Uliendesha mbio za magari za Saa Ishirini na Nne mara kumi na moja. Hukushinda hata mara moja. Matokeo yako mazuri kuliko yote yalikuwa nafasi ya nne, na kila ulipoulizwa kama roho haikukuuma, ulijibu kwamba wale watatu wa kwanza walikuwa bado wamekwama jukwaani wakati wewe umeshafika nyumbani, unapaka rillettes, ile nyama ya nguruwe iliyopondwa, kwenye mkate. Tulicheka kila mwaka, ingawa tulijua iliuma.

Sisi wa nyumbani tulikujua kwa jambo lingine: hukuweza kufungiwa. Mwaka 1974 gari lako lilipinduka kwenye mchanga wa kona, matairi juu, mlango ukabanwa na kifungio cha mikanda kikagoma. Ulining'inia kichwa chini dakika arobaini, petroli ikidondoka, mpaka Anselme, fundi wako, alipojipenyeza dirishani akaikata mikanda kwa kisu. Hukuvunjika hata kidole. Lakini tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na komeo. Uling'oa hata la chooni, wageni wakajifunza kuimba wakiwa ndani, na padri, ambaye sauti hana, aliimba kwa bidii kuliko wote. Januari nzima dirisha la chumbani lilikaa wazi, na Mama akalala na kofia ya sufu karibu miaka hamsini bila kununa. Alinuna mara moja tu, anasema mwenyewe.

Dereva wa mbio hutakiwa aweze kutoka garini kwa sekunde saba, hata akiwa amefungwa mikanda yote. Wewe uliifanya hiyo kuwa sheria ya nyumba. Kile kiti chako cha mbio, kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wako, ulikikaza juu ya ubao jikoni, na kila Jumapili, kuku akishaliwa, mmoja wetu alifungwa humo na wengine tukahesabu kwa sauti. Aliyepita saba alikosa keki ya matofaa. Sheria ya pili ilikuwa ngumu zaidi: hakuna mkono wa mtu mwingine kugusa kifungio. "Kilichoko kifuani mwako kifungue mwenyewe," ulituambia. Mwanao Fabien alilia humo akiwa na miaka sita. Ulimsubiri mpaka akaweza, halafu ukampa kipande chako.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kutetemeka. Viti vya kawaida vilikuumiza. Cha mbio peke yake ndicho kilichokushika vizuri, kwa hiyo ulikaa humo kutwa, umefungwa mikanda usije ukaanguka. Sekunde saba zikawa dakika mbili, zikawa tano. Tulijifanya tunamenya karoti. Mwezi Februari uliifungua mikanda wakati hatupo, ukasimama peke yako, ukaanguka na kupasuka paji la uso kwenye ukingo wa jiko.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaliandika hapa kwa sababu kijiji kizima kilijua. Fabien aliigeuza mikanda, kifungio kikawa nyuma ya kiti, mahali mikono yako isipofika. Mimi Maryvonne, ninayeandika kwa niaba ya wote, nilimshikia tochi. Mama alitazama pembeni. Tulisema ni kwa usalama wako, na kweli tuliogopa.

Hukugombana na mtu. Siku ya tatu uliniita, supu yako imepoa bila kuguswa.

"Mwanangu, kule mchangani nilikaa dakika arobaini."

"Najua, Baba."

"Hapa leo ni siku ya tatu."

Nikamwendea Fabien. Akasema ukianguka tena utavunjika nyonga, daktari ameshaonya. Ulimsikia kutoka pale ulipokaa.

"Basi nivunjike nikiwa nje," ulisema.

Kukufungua kulitutisha, na kukuacha vile kulitutia aibu. Tulizunguka jikoni humo humo tukipishana bila kutazamana. Niliwahi kutoka kwenda kazini saa nzima kabla ya wakati, Baba, kwa sababu sikuweza kukuangalia machoni. Nisamehe.

Alhamisi Anselme akaja kucheza karata kama kawaida. Ana miaka themanini na mmoja na magoti yake yamechoka. Akaona kifuani kwako hakuna kifungio. Hakumsalimu mtu. Akatoa kisu mfukoni, akakata mikanda yote, akaketi kuvuta pumzi.

"Fabien," alisema, "hii ni mara ya pili namtoa baba yako. Ya tatu sina nguvu nayo."

Fabien alifunga mikanda mipya kwa mikono yake, kifungio mbele. Jumapili ile ukataka uhesabiwe. Tukahesabu: Mama, sisi wawili, Anselme, na Clémence mjukuu wako. Tulipofika mia tatu sauti zilianza kukauka. Vidole vyako vilikigusa kifungio, vikateleza, vikarudi. Mara mbili Fabien alinyoosha mkono, na mara mbili Mama akaushusha. Kwenye mia sita themanini na mbili kikafunguka. Ukasimama. Fabien alikudaka kabla hujafika chini, na wewe, umemlalia kifuani, ukauliza kama keki bado ipo.

Miezi miwili baadaye ulituaga usingizini, dirisha likiwa wazi.

Siku ya kulifunga jeneza, bwana wa mazishi alituita tushuhudie, kama ilivyo desturi. Skrubu zilikuwa sita. Alikaza tano. Ya sita Mama aliiomba, akaipokea, akashukuru, akaitia mfukoni mwa koti lake. Yule bwana alimtazama, akatutazama sisi, kisha akakusanya vifaa vyake. Anselme alikuwa amesimama nyuma kabisa, mkono mfukoni penye kisu. Alipoona skrubu imetoweka, aliutoa mkono mtupu.

Unakumbukwa na mkeo Solange, wanao Fabien na Maryvonne, mkweo Béatrice, mjukuu wako Clémence, na Anselme, ambaye ni ndugu kuliko ndugu. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili saa nne na nusu asubuhi. Padri amekubali mlango wa kanisa uachwe wazi, hata mvua ikinyesha, na baada ya hapo kuna keki ya matofaa nyumbani kwa wote.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu. Toka taratibu. Hakuna anayehesabu.