Kufuli la Nyumba ya Njia

Nyumba ya Njia,
Upande wa Gatini.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Ngo, ngo, ngo. Mti juu ya chuma. Sauti hiyo imekaa sikioni mwangu tangu miezi miwili iliyopita na haitoki, hata nikiwa nafundisha, hata nikiwa nakula. Nitakueleza ni ya nini. Lakini mtu kujivunjia heshima hakumpi ruhusa ya kuvunja na adabu: shikamoo.

U hali gani huko kwenye baridi? Goti linasemaje? Ulituambia kazini wamekuhamishia chumba cha kupiga pasi. Natumaini kuna joto, na kwamba wanakuacha ukae kidogo. Bibi anataka kujua kama unakula au unakunywa chai tu. Sisi huku wazima. Macho ya mama yako ni yaleyale, la kushoto la kuonea, la kulia la mapambo, kama asemavyo mwenyewe. Bado anabadilisha shuka za kitanda chako kila Ijumaa, utadhani boti ya jioni itakuleta.

Kisiwa chetu hakijakua wala kupungua. Mtu akipiga chafya juu kwenye tangi la maji, wa gatini anamwambia pole. Wale mapacha wa jirani wameanza shule, nami ndiye mwalimu wao, lakini hadi leo siwezi kuwatofautisha. Nikimwita mmoja wanasimama wote wawili, na mama yao anasema niwapige wote au nisimpige yeyote, ndiyo haki.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae kimya muda mrefu hivi. Mficha uchi hazai, na mimi nimejificha vya kutosha.

Wewe umezaliwa humu, huhitaji kuambiwa kwa nini nyumba hii inaitwa ya Njia. Tumekaa katikati, kati ya nyumba za juu na gati, na pande zote mbili ni majabali. Tangu enzi za Babu watu wa juu wanaingia kwa mlango wa juu, wanakatiza ukumbini kwetu, wanatokea mlango wa chini na kushuka ngazi hadi kwenye boti. Hodi wanaipiga wakiwa tayari katikati ya nyumba. Asiyetaka kupita kwetu inabidi azunguke kwa mawe, na maji yakijaa anafika amelowa mapaja.

Meza yangu iko hapo ukumbini, kwenye mwanga. Najiandaa na mtihani wa kurudi chuoni. Kila nikiushika mstari, anapita mtu. Muuza samaki anadondosha maji. Mama Mapacha anatua beseni ili anipe habari vizuri. Naye Fundi Kesho, mshonaji wetu, ambaye mpaka leo kila suruali kwake ni kesho, anainama juu ya kitabu changu na kusema, "Mjukuu, herufi zote hizi, na picha hata moja hamna? Wamekupunja." Nilikuwa nacheka kwa meno. Moyoni nilikuwa nachemka.

Basi nilipokwenda ng'ambo kuchukua chaki za shule, nikanunua kufuli. Nikalifunga kwa ndani, kwenye mlango wa juu. Bibi akaliangalia kwa jicho lake zima, akauliza, "Tumeibiwa nini?"

Nikamjibu kwamba faragha ni haki ya kila mtu. Mtu akisoma sana, Shangazi, hupata maneno mazuri ya kufunikia choyo. Bibi hakubishana nami. Ila kila aliyepiga hodi alimfungulia, hivyo nikaanza kutokea mlango wa chini kwenda shuleni, ufunguo mfukoni.

Hakuna aliyenigombeza. Watu walianza kuzunguka kwa mawe, viatu mkononi, nguo wamezipandisha. Mimi nikapata ukimya wangu, nikasoma vizuri sana, na nilifurahi. Hapo ndipo panaponichoma zaidi: nilifurahi.

Asubuhi moja Fundi Kesho akapanda ngazi kuziba bati linalovuja. Ngazi ikateleza, mguu ukavunjika juu ya goti. Wanaume wakamlaza juu ya ubao wake wa kukatia nguo, wakaja naye mbio hadi mlangoni kwetu, maana maji yalikuwa yamejaa na boti inasubiri. Mlango umefungwa. Bibi yuko ndani peke yake, ufunguo hana. Akachukua mchi wa kinu, akaanza kulipiga kufuli.

Nilisikia, Shangazi. Nilikuwa ubaoni, naandika hesabu za kugawanya. Nikadhani kuna mtu anatengeneza boti, nikawaambia watoto wafunge dirisha.

Kufuli lilikuwa imara. Nililichagua mwenyewe, nikayakataa mawili kwa kuwa ni mepesi. Wakageuka wakazunguka kwa mawe, maji kiunoni, na pale kwenye kona wimbi likawapiga, ubao ukawaponyoka. Akaangukia mguu uleule. Daktari wa ng'ambo alisema umevunjika pawili. Pa kwanza ni ngazi. Pa pili ni mimi. Hapa kisiwani hakuna aliyelitamka hilo, na afadhali wangelitamka.

Siku ileile niliking'oa chuma kile, nikayaacha matundu ya misumari wazi. Alama za mchi bado zipo kwenye ubao wa mlango. Bibi alikaa na mikono yake mapajani, imevimba, akanikataza kumkanda.

Nilidhani mlango ukiwa wazi watu watarudi. Hawakurudi. Nilisimama mlangoni nikamwita Mama Mapacha apite, ana beseni kichwani na mtoto mmoja kwa kila mkono. Akanijibu kwa upole, tena akitabasamu, "Aa, mwalimu, usijali. Wewe soma. Huku kwenye mawe tunaosha miguu bure."

Ningependa angenitukana. Tusi unaweza kulijibu.

Bibi aliendelea kufagia ukumbi kila asubuhi kama kawaida yake, kutoka mlango wa juu hadi wa chini. Siku moja akasimama na ufagio, akakiangalia kizoleo. "Nyumba imekuwa safi," akasema. "Hata punje ya mchanga hamna." Hakuwa ananisifu.

Fundi Kesho aliporudi kutoka hospitali nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, nikayasahau yote kizingitini. "Karibu, mwalimu," akasema kabla sijafungua kinywa. "Kama umefuata suruali, kesho." Nikaanza kulia. Akanitupia kipande cha bitana nijifutie, akasema, "Usinililie hapa, kitambaa kitaloa, na hicho ni cha mtu."

Anatembea kwa magongo. Mpaka mlangoni kwetu anafika, maana ni tambarare, lakini ngazi za gatini daktari amezikataza kabisa, na kibanda chake kiko chini ya ngazi hizo. Wateja wake wengi ni wa boti, na huko juu hawapandi. Nilimkuta anafumua mishono ya shati lake mwenyewe ili apate kuishona upya. Mkewe akanyanyua mabega, akanionyesha kwa macho mashati mengine mawili yaliyokwisha kufumuliwa.

Nisalimie binamu zangu, umwambie yule mdogo kwamba barua yake yenye michoro ya theluji nimeibandika darasani na imezua ugomvi, hawaamini kama ni kitu cha kweli. Msalimie pia yule rafiki yako unayekaa naye chumba kimoja. Bibi anakusalimu sana, na Mama Mapacha, na nahodha wa boti anayesema bado hujamrudishia mwavuli wake. Fundi anakusalimu kuliko wote, na nitakuambia kwa nini.

Shangazi, chumba chako nimempa.

Nilipomwambia kwamba kuna chumba kwetu kando ya ukumbi, dirisha linatazama gati, na wa boti wanaweza kumpa nguo kupitia hapohapo, aliyaegemeza magongo yake ukutani. Kisha akauliza, "Na mwenye chumba?"

"Nitamwandikia."

"Basi mwandikie kwanza."

Sikukuandikia kwanza. Niliogopa utakataa, na niliogopa zaidi kwamba ungekubali na mimi ningekuwa nimekwisha kuingiwa na ubaridi. Jumatano nahodha na wenzake wakaibeba cherehani, wakaiingiza kwa mlango wa juu. Kitanda chako kiko chumbani kwangu, nguo zako ziko kwa Bibi, zimekunjwa na Bibi mwenyewe. Wakati wanakitoa kitanda alisimama na shuka ya Ijumaa mkononi, akaikunja ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, mwishowe akasema, "Mpeni na mto wake akalie. Kiti kile kigumu."

Najua nilichofanya. Kufuli nililiweka bila kumwuliza mtu, na chumba nimekitoa bila kumwuliza mwenyewe, na toba yangu nimeifanya kwa kitu kisicho changu. Ukinikasirikia una haki, niandikie hivyo hivyo bila kunipaka mafuta. Lakini sitamwambia aondoke. Ukirudi utalala kwenye kitanda chako, mimi nitalala chini.

Nakuandikia nikiwa palepale mezani, na cherehani inanguruma upande wa pili wa ukuta. Sijasoma ukurasa hata mmoja tangu Jumatano. Jana Mama Mapacha alikuja na gauni la kufupishwa. Alipofika katikati ya nyumba ndipo alipopiga hodi, akatokea mlango wa chini bila kunitazama. Asubuhi hii nimefagia mimi, na mchanga ulikuwepo.

Mungu akulinde na baridi, akupe watu wema mlangoni kwako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye na kukuonea haya.